Kabla ya Kuuza Shamba: Historia Fupi ya Tiba ya Jeni kwa Upofu wa Kurithi

Nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na wale mlioniandikia barua pepe mkiulizia sehemu ya pili ya somo la hifadhidata naomba mnivumilie kidogo. Itakuja. Leo nataka kuandika kuhusu jambo lililoninyima usingizi muda wote huo, na ambalo nimegundua liko karibu na kazi yetu sisi watu wa tarakilishi kuliko nilivyodhani.

Lilianza na simu. Mjomba wangu alinipigia jioni moja nikiwa bado kazini. Mwanawe wa pili, binamu yangu, ana miaka 19, na amekuwa akipoteza uwezo wa kuona tangu alipokuwa darasa la saba. Kwanza ilikuwa giza. Jua likishatua alikuwa anapapasa ukuta, na wenzake shuleni wakamcheka. Nakiri kwamba hata mimi niliwahi kumwambia aache uvivu, atazame anapokanyaga. Baadaye akaanza kugonga viti na milango mchana, kwa sababu sasa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari wa macho Nairobi alisema ni ugonjwa wa retina wa kurithi, na kwamba hana dawa ya kumpa.

"Wewe si ndiye wetu wa kompyuta," mjomba akaniambia. "Kuna hospitali ng'ambo, nimetumiwa habari zake kwenye simu. Wanasema wanatibu retina yoyote kwa jeni na seli. Niangalizie kama ni kweli. Kuna mtu yuko tayari kulinunua shamba la chini."

Nilimwomba asitie sahihi popote mpaka nisome. Nikaanza kusoma kila usiku, kuanzia makala za madaktari hadi ripoti za majaribio. Swali lake lilikuwa fupi: hospitali gani? Nilipomaliza niliona kwamba swali lenyewe lilihitaji kubadilishwa, na historia ya vituo vikubwa vya utafiti huu ndiyo inayoonyesha kwa nini. Ndiyo maana naiandika hapa, kwa sababu najua mjomba wangu hayuko peke yake.

Tuanze na msingi. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Hapo ndipo mwanga hugeuzwa kuwa ishara za umeme zinazokwenda kwenye ubongo. Seli zinazofanya kazi hiyo zinahitaji protini nyingi, na kila protini ina maelekezo yake ya kutengenezwa, yaani jeni. Jeni ni msimbo ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Herufi moja ikikosewa mahali pabaya, protini haitengenezwi, au inatengenezwa ikiwa mbovu, na seli zinaanza kushindwa kazi na kufa polepole. Wanasayansi wamepata zaidi ya jeni 250 ambazo zikiharibika huleta magonjwa ya retina. Wagonjwa wawili wanaweza kuketi benchi moja, wote wameambiwa wana retinitisi pigmentosa, dalili zao zinafanana, na kumbe hitilafu zao ziko katika faili mbili tofauti kabisa.

Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza tovuti anajua maana ya hilo. Mteja anakupigia, "ukurasa wangu umekuwa mweupe." Ukurasa mweupe unaweza kuletwa na makosa mia moja tofauti. Hakuna dawa ya ukurasa mweupe. Kuna dawa ya kosa fulani, kwenye mstari fulani, baada ya kulipata.

Tiba ya jeni ni wazo rahisi kulitamka: ipelekee seli nakala nzima ya maelekezo yaliyoharibika. Shida ni usafirishaji. Seli haifungui mlango kwa kila mgeni. Virusi ndivyo vinavyojua kuingia, kwa hiyo watafiti walitafuta virusi vya kutumia kama tarishi. Mwaka 1965 watafiti waliokuwa wakichunguza virusi vya adeno waliona ndani ya sampuli zao virusi vingine vidogo sana, ambavyo havijulikani kumletea binadamu ugonjwa wowote. Vikaitwa AAV. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Florida, mwanafunzi aliyeitwa Jude Samulski pamoja na Kenneth Berns na Nicholas Muzyczka waliweza kuunakili msimbo wote wa virusi hivyo ndani ya bakteria. Baada ya hapo iliwezekana kuzitoa jeni za virusi, kuweka jeni unayoitaka, na kubaki na bahasha inayojua njia ya kuingia kwenye seli.

Kwa nini jicho? Kwanza ni dogo, kwa hiyo dozi ndogo inatosha. Limejifunga, kwa hiyo dawa haisambai sana mwilini, na kinga ya mwili haikimbilii kulishambulia kama sehemu nyingine. Daktari anaweza kutazama ndani yake bila kupasua. Na yapo mawili: unaweza kutibu moja na kulilinganisha na jingine. Sisi tungesema lina seva ya majaribio iliyojengwa ndani.

Sasa tuwaendee mbwa. Mwaka 1989 Kristina Narfström wa Sweden alieleza kuhusu mbwa wa aina ya Briard waliokuwa wakizaliwa na shida kubwa ya kuona. Ilikuja kujulikana kwamba wana hitilafu katika jeni iitwayo RPE65. Jeni hiyo ilikuwa imetambuliwa mwaka 1993, na mwaka 1997 ikathibitishwa kwamba ikiharibika kwa binadamu huleta aina moja ya upofu wa Leber, ugonjwa wa watoto ambao daktari Mjerumani Theodor Leber aliueleza mwaka 1869. Protini ya RPE65 kazi yake ni kuitengeneza upya ile kemikali ya vitamini A inayonasa mwanga, kila inapotumika. Ikikosekana, seli za kuona zinaweza kubaki hai kwa miaka lakini bila kufanya kazi, kama simu nzima isiyo na chaja. Hii ilikuwa bahati kubwa. Jeni nyingi nyingine zikiharibika seli hufa mapema, na ukifika na chaja unakuta simu yenyewe haipo.

Vituo vitatu vya Marekani vikaungana. Gregory Acland na Gustavo Aguirre wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa na mbwa. William Hauswirth wa Chuo Kikuu cha Florida alijua kutengeneza virusi vya AAV. Jean Bennett, Albert Maguire na Samuel Jacobson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, walijua upasuaji na vipimo vya macho. Mwaka 2001 walichapisha matokeo: mbwa watatu waliozaliwa vipofu walikuwa wanaona kwa jicho lililodungwa. Mmoja wao, Lancelot, alipelekwa hadi Bunge la Marekani ili wabunge wamwone. Bennett na Maguire ni mke na mume, na baadaye waliwachukua wawili kati ya mbwa waliotibiwa wakaishi nao nyumbani kwao.

Lakini kumbukeni ilikuwa miaka gani. Septemba 1999, katika chuo hichohicho cha Pennsylvania, kijana wa miaka 18 aitwaye Jesse Gelsinger alifariki siku nne baada ya kudungwa tiba ya jeni kwa ajili ya ugonjwa wa ini. Virusi vilivyotumika kwake vilikuwa vya adeno, si AAV, na dozi ilikuwa kubwa, ikiingizwa kwenye mshipa wa damu. Serikali ya Marekani ilichunguza na kukuta taratibu za usalama zilikiukwa. Mwaka 2002 ikaja habari nyingine kutoka Paris: watoto waliotibiwa kwa jeni ili kuwarudishia kinga ya mwili, wakapona, walianza kupata saratani ya damu. Tangu hapo kila mtafiti aliyetaka kumdunga binadamu tiba ya jeni aliulizwa maswali mara kumi. Ndiyo maana kutoka Lancelot hadi binadamu wa kwanza ilipita miaka 6. Mjomba wangu aliposikia hivyo alisema ni mingi. Mimi nilipokwisha kusoma kuhusu Gelsinger niliona si mingi.

Mwaka 2007 ukawa mwaka wa mashindano, ingawa wenyewe hawaliiti hivyo. Wa kwanza kumdunga mgonjwa mwenye hitilafu ya RPE65 walikuwa London: Taasisi ya Tiba ya Macho ya chuo cha UCL pamoja na Hospitali ya Macho ya Moorfields, hospitali iliyoanza mwaka 1805. Viongozi wao walikuwa Robin Ali na James Bainbridge. Oktoba mwaka huohuo Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, ambako Katherine High alikuwa mkuu wa kitengo cha tiba ya jeni, ikamdunga mgonjwa wake wa kwanza kupitia kwa Maguire. Kundi la tatu lilikuwa la Jacobson, Artur Cideciyan na Hauswirth, wakishirikiana kati ya Philadelphia na Florida. London na Philadelphia walichapisha siku moja, tarehe 27 Aprili 2008, katika jarida moja, kila upande ukiwa na wagonjwa watatu.

Hapa kuna jambo dogo ambalo nililipita mara ya kwanza nilipolisoma, kisha nikalirudia. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Philadelphia hawakuwa Wamarekani. Walitoka Italia. Kwa nini Italia? Kwa sababu kliniki ya Francesca Simonelli mjini Napoli ilikuwa imekwisha kuwapima wagonjwa wake na kuandika kila mmoja ana hitilafu katika jeni gani. Nafasi ilipotokea, majina yalikuwepo. Wagonjwa hao hawakuchaguliwa kwa sababu walikuwa na pesa au walikuwa karibu. Walichaguliwa kwa sababu jeni yao ilikuwa inajulikana.

Baada ya hapo Philadelphia wakaendelea. Mwaka 2009 walitoa ripoti ya wagonjwa 12 wenye umri wa miaka 8 hadi 44, na watoto ndio waliofaidika zaidi. Kukawa na tatizo jingine: utapimaje mafanikio? Ubao wa herufi ukutani haupimi shida ya kuona gizani. Wakabuni kipimo chao: njia yenye mishale, kona na vizuizi, ambayo mgonjwa anaipita chini ya viwango tofauti vya mwanga, kutoka mwanga wa ofisi hadi mwanga hafifu kabisa wa laksi 1. Mwaka 2017 walichapisha jaribio kubwa lililofanyika Philadelphia na Chuo Kikuu cha Iowa. Kati ya wagonjwa 20 waliotibiwa, 13 waliipita njia hiyo katika mwanga wa laksi 1. Kati ya wale ambao walikuwa bado hawajatibiwa, hakuna hata mmoja aliyeweza. Oktoba mwaka huo washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura 16 kwa 0, na tarehe 19 Desemba 2017 dawa ya Luxturna ikaidhinishwa. Ilikuwa tiba ya kwanza ya jeni kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa kurithi. Dozi yake ni mililita 0.3 kwa kila jicho, ndani yake nakala bilioni 150 za jeni.

Bei iliyotangazwa Januari 2018 ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha leo hiyo inazidi shilingi milioni 100 za Kenya. Nilipomtajia mjomba akanyamaza, kisha akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. Shamba la chini halifiki hata asilimia moja ya hiyo.

Lakini kabla ya bei kuna jambo lililo kubwa zaidi. Luxturna ni ya RPE65 tu. Ukimdunga mtu mwenye hitilafu katika jeni nyingine, hata kama haoni gizani vilevile, hujamsaidia chochote. Ni sawa na kupakua kiraka cha programu moja na kukiweka kwenye nyingine kwa sababu zote zimekwama.

Na hata hiyo RPE65 haikuwa hadithi ya ushindi mtupu. Mwaka 2015 London na kundi la Jacobson walichapisha matokeo ya miaka kadhaa, na yalikuwa machungu. London walisema uwezo wa wagonjwa wao wa kuona katika mwanga hafifu ulipanda hadi kilele kati ya miezi 6 na 12, kisha ukaanza kushuka. Kundi la Jacobson nao waliona maeneo ya retina yaliyokuwa yameimarika yakipungua tena baada ya miaka michache. Kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha mwaka 2013 kwamba seli zilizoanza kufa ziliendelea kufa hata baada ya kudungwa. Philadelphia kwa upande wao waliripoti kwamba katika kipimo chao cha njia wagonjwa waliendelea kufanya vizuri kwa miaka. Bahasha za makundi haya hazikuwa sawa: kile kipande cha msimbo kinachoiamuru jeni ifanye kazi kilikuwa tofauti, na utengenezaji ulikuwa tofauti. Kwa hiyo wakabishana, hadharani, kwa maandishi, kila mmoja akiweka takwimu zake mezani.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Vituo viwili bora duniani vilijitokeza vyenyewe vikasema: dawa yetu inafifia. Hakuna aliyewalazimisha. Nikafungua tena ile tovuti ya hospitali aliyotumiwa mjomba. Ilikuwa na picha za watu wanaotabasamu, bei, namba ya simu, na maneno "magonjwa yote ya retina". Hakukuwa na jeni hata moja iliyotajwa. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja aliyeshindwa kupona.

Mfano mwingine ni Oxford. Mwaka 2011 Robert MacLaren na wenzake walianza kudunga wagonjwa wa koroideremia, ugonjwa wa retina unaowapata hasa wanaume. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya wagonjwa 6 wa kwanza, na yalitia moyo sana. Kampuni ikaanzishwa, ikanunuliwa mwaka 2019 na kampuni kubwa ya Biogen. Likafanyika jaribio kubwa, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba halikufikia lengo lake kuu. Watu wale wale, virusi vya familia ileile, ujuzi uleule, jeni tofauti, matokeo tofauti. Historia ya tiba hii ndivyo ilivyo: kila jeni ni mradi mpya, unaanza karibu na mwanzo.

Haya, turudi kwa binamu yangu. Baada ya kusoma hayo nilimwambia mjomba tufanye jambo moja tu kabla ya lolote jingine: tumpime jeni. Daktari wake alisaidia, sampuli ikapelekwa maabara ya nje, na gharama yake ilikuwa sehemu ndogo ya pesa ambazo jamaa walikuwa wamekwisha kuchanga. Tukasubiri kwa miezi. Jibu likaja: USH2A, hitilafu katika nakala zote mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama.

Mjomba aliuliza, "Kwa hiyo ni sisi tuliompa?" Daktari akamweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mtu mwenye nakala moja mbovu anaona sawasawa na hana habari kwamba anayo. Hakuna aliyefanya kosa. Lakini nilimwona shangazi, mkewe, akifuta macho, na nikajua kwamba swali hilo lilikuwa limekaa ndani ya nyumba ile kwa miaka kabla ya mtu yeyote kulitamka.

Sasa, USH2A ina shida yake, na hapa watu wa programu mtanielewa haraka. Mnakumbuka SMS ya herufi 160? Ukizidisha, ujumbe unakatwa vipande. AAV nayo ina kikomo: inabeba takriban herufi 4,700. RPE65 inaingia humo bila shida. Maelekezo ya protini ya USH2A yana zaidi ya herufi 15,600. Haiingii, hata ukiibana vipi. Kwa hiyo si kwamba madaktari wamempuuza binamu yangu. Bahasha yenyewe ni ndogo.

Watu wanafanya nini kuhusu hilo? Njia ya kwanza ni ileile ya SMS: kata vipande, tuma bahasha mbili, viungane ndani ya seli. Kazi hiyo imefanywa sana na Alberto Auricchio na wenzake katika TIGEM, taasisi ya Telethon iliyo Pozzuoli karibu na Napoli. Mwaka 2024 mgonjwa wa kwanza alidungwa bahasha mbili za namna hiyo kwa ajili ya jeni ya MYO7A, ambayo nayo ikiharibika huleta uziwi na upofu. Kwa USH2A bahasha mbili bado hazitoshi.

Njia ya pili ni kutotuma faili zima, bali kurekebisha mstari ulioharibika papo hapo. Machi 2020, katika Taasisi ya Macho ya Casey mjini Portland, Oregon, ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza duniani amedungwa chombo cha CRISPR cha kuhariri jeni ndani ya mwili wake. Jeni iliyolengwa ilikuwa CEP290, nayo ni kubwa kupita bahasha. Matokeo ya wagonjwa 14 yalichapishwa Mei 2024, na 11 kati yao walionyesha nafuu katika angalau kipimo kimoja. Hata hivyo kampuni iliyogharamia, Editas, ilikuwa imekwisha kusimamisha kuandikisha wagonjwa tangu Novemba 2022 ili itafute mshirika. Sayansi ilionyesha dalili njema, lakini wagonjwa wenye hitilafu hiyo ni wachache na hesabu za biashara hazikukubali. Hilo nalo ni sehemu ya historia.

Njia ya tatu inatoka Paris, na ndiyo niliyomsomea binamu yangu kwa sauti. Kuna hospitali huko iitwayo Quinze-Vingts. Mfalme Louis wa 9 aliianzisha karibu mwaka 1260 kwa ajili ya vipofu 300, na jina lake lina maana ya ishirini mara kumi na tano. Katika uwanja huohuo, mwaka 2008, kikafunguliwa kituo cha utafiti kiitwacho Institut de la Vision, chini ya José-Alain Sahel. Yeye na Botond Roska wa Basel, Uswisi, walijiuliza: kama seli za kuona zimekwisha kufa, kwa nini tusizifundishe seli zilizobaki zione mwanga? Wakachukua jeni ya protini inayohisi mwanga kutoka kwa mwani, wakaipeleka kwenye seli za retina zinazobaki hai. Mei 2021 waliripoti kuhusu mwanamume wa miaka 58, kipofu kwa miaka mingi kutokana na retinitisi pigmentosa. Akiwa amevaa miwani maalumu yenye kamera, na baada ya mazoezi ya miezi, aliweza kutambua, kuhesabu na kugusa vitu vilivyowekwa mezani mbele yake. Hasomi, hatambui nyuso. Lakini njia hiyo haiulizi ni jeni gani iliyoharibika. Binamu yangu aliniomba nirudie sentensi hiyo.

Na ili msidhani London walikata tamaa baada ya 2015: Februari 2025 walichapisha habari za watoto wanne wenye hitilafu katika jeni ya AIPL1, aina kali sana ya upofu wa kuzaliwa. Walikuwa na umri kati ya mwaka 1 na miaka 2.8 walipodungwa mwaka 2020, jicho moja kila mmoja. Wakiwa hawajatibiwa waliweza tu kutofautisha mwanga na giza. Baada ya miaka michache jicho lililotibiwa lilikuwa linaona vitu, ilhali lile lisilotibiwa lilikuwa limepoteza hata kile kidogo lilichokuwa nacho. Watoto hao walitoka Marekani, Uturuki na Tunisia. Mtoto wa Afrika alifika katika chumba hicho cha upasuaji. Alifika kwa sababu kuna mtu aliyempima mapema akajua jeni yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayepoteza macho na mmetumiwa tovuti ya hospitali fulani, haya ndiyo ninayoweza kukuambia kama mtu ambaye si daktari. Usianze na hospitali gani. Anza na jeni gani. Jeni ikijulikana, vituo vinavyoishughulikia utavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na majaribio yao yameorodheshwa hadharani. Jaribio la kweli litataja jeni, litakupima kwanza, na mara nyingi litakukataa kwa sababu hufai. Halitakutoza pesa ili ushiriki. Anayekukubali kabla hajajua jeni yako anakuuzia kitu kingine. Na hatari si kupoteza shamba tu. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wanawake watatu waliolipa dola 5,000 kila mmoja katika kliniki moja ya Florida ili wadungwe machoni seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Walikuwa na ugonjwa wa retina wa uzeeni, na walikuwa bado wanaona kiasi. Waliharibika macho yote mawili ndani ya siku chache.

Shamba la chini halijauzwa. Mahindi yako kiunoni sasa. Ile hospitali ya kwenye simu iliendelea kumpigia mjomba kwa wiki kadhaa, ikimpunguzia bei kila mara, mpaka siku moja akawauliza, "Mnatibu USH2A?" Wakamjibu ndiyo, wanatibu zote. Akakata simu.

Binamu yangu hana dawa leo, na sitawadanganya wala sikumdanganya yeye. Ana karatasi yenye jina la jeni yake na mahali kamili pa hitilafu, imehifadhiwa kwenye bahasha na pia kwenye seva yangu, nakala tatu. Wakati huohuo amejifunza kutumia fimbo nyeupe, na nimemwekea NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, kwenye tarakilishi yangu ya zamani. Wiki iliyopita alinipigia kulalamika kwamba tovuti niliyoitengeneza mwenyewe haisomeki, vitufe vyote havina majina. Yuko sahihi. Nairekebisha wikendi hii, na sehemu ya pili ya somo la hifadhidata itafuata baada ya hapo.

Kama una swali au kuna mahali nimekosea, niandikie hapo chini. Tuonane tena.